Povu la kunyolea: ongeza maji, bado hayajatosha

Povu likiwa bovu, wembe ndio hulaumiwa. Mtu ananunua pakiti nyingine ya nyembe, anabadilisha kishikio, anajipaka spiriti hadi machozi yanamtoka, na bado shingo inawaka. Mara nyingi kasoro iko kwenye bakuli. Povu limevimba, ni zito, ni jeupe pe, na ni kavu. Maji hayakutosha.

Povu la aina hiyo hudanganya kwa sababu linapendeza kulitazama. Linasimama kama pamba na kujaa hadi kwenye ukingo wa bakuli. Lakini kilichojaa pale ni hewa. Povu linatakiwa kuzuia nywele zisikauke hadi wembe ufike, kuweka utelezi kati ya makali na ngozi, na kukuonyesha ulikopita na ulikobakisha. Unyevu na utelezi huletwa na maji na sabuni. Hewa inasaidia tu povu likae usoni badala ya kuchuruzika hadi kifuani.

Haya ni ya anayenyoa kwa brashi na sabuni, kwa wembe wa makali mawili uliofungwa kwenye kishikio au kwa wembe wa kukunja. Anayekwenda kwa kinyozi akapitishiwa mashine ya umeme hana haja ya povu lolote.

Uzito wenyewe

Fikiria maziwa lala yaliyotikiswa sawasawa: hayana mabonge, yanamiminika polepole, na juu yana mng'ao. Povu zuri ni jepesi kuliko maziwa hayo kwa kuwa lina hewa, ila ulaini na mng'ao ni ule ule. Ukiinua brashi, kilele kinachobaki hupinda ncha. Kikisimama wima kama mwiba, povu bado ni kavu. Kisipobaki kilele chochote na povu likarudi bakulini kama uji wa mgonjwa, umepitiliza.

Kabla ya kufika hapo povu hupita hatua kadhaa, na ni vyema kuzijua ili usisimame njiani. Kwanza huwa kama dawa ya meno: zito, linanata, halina viputo vya kuonekana. Ukitia maji kidogo linaanza kuvimba na kutoa viputo vikubwa kama vya karai la nguo. Ukiendelea kukoroga viputo vinasagika, hadi huwezi tena kukiona kimoja kimoja, na povu linakuwa jeupe lisilong'aa. Hapa ndipo wengi huweka brashi chini na kujipaka. Bado. Ongeza maji mara mbili au tatu zaidi, matone tu kila mara, na utaona uso wa povu ukibadilika kutoka rangi ya chaki hadi kung'aa kama maziwa. Ujazo hauongezeki sana, pengine hata unapungua. Wacha upungue.

Maji unayotumia

Sabuni haielewani na kalsiamu wala magnesiamu. Madini haya yakiwa mengi majini hukamata sabuni na kuigeuza utando mweupe usioyeyuka, ule unaobaki kwenye beseni. Sabuni iliyokwisha kukamatwa haitoi povu, kwa hiyo unalazimika kutumia nyingi zaidi, na hata povu likitokea hufa haraka.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa safi ya nusu lita, tia maji hadi katikati, weka kipande cha sabuni ya kawaida chenye ukubwa wa punje ya mahindi kilichokatwakatwa, kisha tikisa hadi sabuni iyeyuke. Usitumie sabuni ya unga. Hiyo imetengenezwa ivumilie maji magumu, yaani yenye madini hayo mengi, kwa hiyo itakupa jibu la uongo. Povu likitanda juu na maji ya chini yakabaki karibu angavu, maji yako ni laini. Maji yakiwa kama ya chokaa na povu kiduchu, ni magumu.

Kisumu haina taabu kubwa hapa. Maji ya bomba yanayotolewa ziwani yana madini machache, na sabuni hutoa povu bila kubembelezwa. Wa visima vifupi vya Nyalenda au Manyatta wapime kwanza, maana kisima na kisima hutofautiana. Kakamega na Vihiga mvua ni nyingi mwaka mzima, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ndiyo bora kuliko yote: karibu hayana kalsiamu, labda vumbi la bati tu. Acha mvua ya dakika chache za mwanzo ipite, kisha kinga.

Nakuru kuna dhana inayofaa kurekebishwa. Watu wakisikia maji ya kisima yana floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, hudhani ndiyo inayoharibu povu. Siyo. Floridi huongezeka kwenye maji ya ardhini hasa pale ambapo kalsiamu ni chache, kwa sababu kalsiamu ingeifunga na kuitua chini. Ndiyo maana maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yenye floridi nyingi ni laini kwa sabuni, hata kupita kiasi: ukioga nayo unasuuza na kusuuza na mwili bado unateleza. Mabaya kwa meno ya mtoto, mazuri kwa bakuli la povu. Kama maji yako ya Njoro au Lanet yanateleza hivyo na povu bado linakataa, tatizo ni kiasi cha sabuni au mkono, si kisima.

Aliye na maji magumu kweli asihangaike na dawa. Kunyoa mara moja hakumalizi hata nusu lita, ukiacha ya kusuuzia wembe. Weka akiba ya lita tano za maji ya mvua, na utumie hayo kwa brashi na bakuli tu. Kuchemsha husaidia pia pale ugumu unapotokana na bikaboneti ya kalsiamu: ukiona magamba meupe ndani ya birika, hiyo ni kalsiamu iliyokwisha kutoka majini. Acha yatulie, kisha mimina ya juu.

Joto liwe la vuguvugu, la kuvumilika ukitia kifundo cha mkono. Maji ya moto sana hulegeza povu na kuikausha ngozi. Maji baridi hayaharibu kitu, isipokuwa sabuni ngumu huchelewa kuyeyuka, na asubuhi ya Julai huko Nakuru unaweza kuzungusha brashi dakika nzima ukitafuta kilichopaswa kupatikana kwa nusu dakika.

Brashi na sabuni

Brashi ya nywele za nguruwe ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo yenye masharti. Iloweke dakika 5 kabla ya kazi, la sivyo itanywa maji yote uliyokusudia yaingie kwenye povu. Ikiwa mpya hunuka mnyama na hulimeza povu ndani bila kulitoa. Ioshe kwa shampuu, kisha uitumie mara kumi na tano au ishirini ndipo ncha zipasuke na kulainika. Kwa Muislamu haifai, na hapo brashi ya nyuzi za plastiki inamaliza mjadala. Hii ya plastiki haihitaji kulowekwa, inakauka upesi, na siku hizi nyuzi zake ni laini kweli. Tofauti yake ni kwamba haihifadhi maji mengi ndani, kwa hiyo utaongeza maji mara nyingi zaidi. Kuna pia ya nywele za badger, jamaa wa mbali wa nyegere wetu. Inashika maji sana, na bei yake inashika mfuko. Kwa anayeanza, ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 22 hadi 24 pale nywele zinapoingia kwenye mpini inatosha kabisa.

Sabuni yenyewe iwe ya kunyolea. Hutengenezwa kwa asidi ya steariki kwa wingi, pamoja na potasiamu, na mara nyingi sodiamu kidogo ya kuifanya ishikane. Potasiamu huifanya iyeyuke haraka na kupokea maji mengi. Asidi ya steariki hutoa viputo vidogo sana visivyopasuka mapema. Glisarini huchelewesha kukauka. Ziko za kopo, za krimu kwenye tyubu, na za kijiti kama Arko ya Uturuki, ambayo unaisugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa.

Sasa, sabuni ya kipande. Nakuru ni mji unaotengeneza sabuni, Menengai inatoka papo hapo, na wazee wengi wamenyoa kwa kipande cha kufulia miaka na miaka. Inawezekana, lakini si kazi iliyokusudiwa. Sabuni hiyo ni ya sodiamu, imetengenezwa iondoe mafuta kwenye kola ya shati, na itayaondoa shingoni mwako vile vile. Povu lake hukauka kabla hujamaliza shavu la pili. Ukiwa huna njia nyingine, chukua sabuni ya kuogea badala ya ya kufulia, tia matone matano ya glisarini kutoka kemisti kwenye bakuli, na unyoe upande mmoja wa uso kwanza ndipo upake wa pili. Matone matano, si kijiko. Glisarini ikizidi povu hunata na viputo hufa.

Povu la mkebe halina la kurekebishwa. Gesi ndiyo inayolivimbisha, na uwiano wa maji uliamuliwa kiwandani. Unachoweza kufanya ni kulowesha uso vizuri na kulisugulia kwa brashi yenye maji, na hata hilo hufanya tofauti ya kuonekana.

Kukoroga

Nawa uso kwa maji ya vuguvugu na uache ndevu zikiwa zimelowa dakika mbili au tatu. Usijipanguse kwa taulo. Nywele iliyokunywa maji hukatika kwa nguvu ndogo kuliko iliyo kavu, na muda huo ndio unaotumia kutengeneza povu.

Bakuli liwe na upana wa kuzungusha brashi bila kugonga pande, sentimita 10 hivi. La udongo wa kuchoma lenye ndani isiyo laini sana linafaa kuliko glasi. Yale ya bati lililopakwa rangi, yanayouzwa soko la Kibuye, Kisumu, kwa bei ya soda mbili tatu, yanafanya kazi, ila yana baridi. Yasuuze kwa maji ya moto kwanza.

Toa brashi majini, ikamue kwa mkono hadi isidondoke, kisha ikung'ute mara moja. Kuanza na brashi kavu mno ni kosa dogo, kwa kuwa maji utayaongeza. Kuanza na brashi iliyojaa maji huzaa viputo vikubwa ambavyo utavikimbiza dakika tano.

Kama ni sabuni ngumu, zungusha brashi juu yake sekunde 30 kamili. Hesabu kweli, maana sekunde kumi kwenye kioo huonekana kama thelathini. Mwanzoni utaona viputo, kisha vitatoweka na ncha za brashi zitavikwa kitu kizito kama dawa ya meno. Viputo visipotoweka, brashi ina maji mengi, kamua uendelee. Kama ni krimu, kiasi cha haragwe moja kubwa, karibu gramu 1, kinatosha uso mzima mara mbili au tatu. Ibandike katikati ya bakuli.

Koroga sekunde 30 bila kuongeza maji. Baada ya hapo tia nusu kijiko cha chai, kama mililita 2.5, na ukoroge sekunde 20. Rudia. Usipotaka vijiko, chovya ncha za brashi tu majini, sentimita moja, si zaidi. Kwa gramu moja ya sabuni, jumla huishia vijiko viwili hadi vitatu vya chai, bila kuhesabu yaliyokuwa ndani ya brashi. Kila sabuni ina kiu yake, na baadhi ya zile ngumu hunywa hata zaidi. Ukikaribia vijiko viwili, badilisha kutoka nusu kijiko hadi matone, kwa sababu kutoka povu zuri hadi uji wa mgonjwa ni hatua fupi.

Usiikandamize brashi hadi mpini uguse bakuli. Nywele hupindia shinani, zinakatika katikati, na baada ya miezi michache brashi ina shimo kama andazi lililotobolewa. Kandamiza kiasi cha theluthi ya urefu wa nywele, na mara moja moja ipampu taratibu ili povu lililojificha ndani litoke. Zoezi zima ni dakika mbili hadi tatu.

Kupima, chukua povu kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha visuguane. Lazima viteleze kabisa, kama umeshika samaki aina ya kambare. Ukihisi vidole vinashikana, ongeza maji. Ukihisi maji matupu na hakuna kitu kati ya vidole, sabuni ni chache.

Usoni

Paka kwa kuzungusha, hasa kama ndevu zako ni za kujikunja, maana mzunguko huinua nywele zilizolala na kuingiza povu shinani. Malizia kwa mapito ya kwenda na kurudi kama mtu anayepaka ukuta rangi, ili unene uwe sawa. Huhitaji uso wa Baba Krismasi. Milimita tatu au nne zinatosha.

Wembe ukipita, tazama unachoacha nyuma. Ngozi inapaswa kubaki na utando mwembamba unaoteleza bado. Ikibaki kavu kabisa, povu halina maji, hata liwe nene namna gani. Sikiliza pia: mkato wa nywele una sauti ndogo ya kukwaruza iliyo sawasawa, lakini povu kavu lina sauti ya kuvuta. Ishara ya tatu iko kwenye maji ya kusuuzia: povu kavu hung'ang'ania kwenye wembe na kutoka bonge bonge, la maji ya kutosha huondoka mara moja ukitikisa.

Lililokauka usoni halihitaji kuoshwa. Chovya ncha za brashi, pitisha pale pale, endelea. Januari na Februari, upepo mkavu wa Nakuru hukausha kingo za povu kabla hujafika kidevuni, hivyo paka nusu ya uso kwa wakati mmoja. Kisumu hewa ina unyevu na povu hudumu, isipokuwa kama umewasha feni. Izime.

Kwa wenye vipele vya ndevu, povu lisipewe sifa lisizostahili. Vipele hutokea nywele ya kujikunja inapokua ikarudi ndani ya ngozi, na kunyoa karibu mno ndiko kunakochochea. Povu lenye utelezi linapunguza kuvuta, kwa hiyo hulazimiki kukandamiza wembe. Lakini ukivuta ngozi kwa mkono mwingine na kunyoa kinyume na nywele zinavyoelekea, nywele itakatwa chini ya usawa wa ngozi, na hakuna povu litakalokuokoa. Fuata mwelekeo wa nywele, mara mbili kwa povu jipya kila mara, uishie hapo.

Likikataa

Povu linalozama bakulini ndani ya dakika mbili limekosa sabuni. Watu huongeza maji au hukoroga kwa nguvu zaidi, na yote mawili huliharibu zaidi. Rudi kwenye sabuni kwa sekunde 15 nyingine, kisha rudi bakulini. Hili huwapata sana wanaoogopa kumaliza kopo, ilhali kopo la gramu 100, ukitumia gramu moja kila unaponyoa, ni zaidi ya miezi mitatu ya kunyoa kila siku.

Viputo vikubwa visivyoisha: maji yaliingia mapema au yaliingia mengi kwa mara moja. Koroga bila kuongeza kitu kwa dakika nzima. Vikigoma, ongeza sabuni kidogo.

Povu zuri kwenye bakuli lakini linalokufa likigusa uso: uso una mafuta. Kama ulijipaka mafuta ya kujipaka asubuhi ndipo ukakumbuka kunyoa, osha kwanza kwa sabuni ya kuogea. Mafuta huvunja viputo, na vaselini ndiyo mkorofi zaidi.

Ukimaliza, suuza brashi hadi maji yawe safi, ikamue, ikung'ute, ipanguse kwenye taulo. Kwa wa maji magumu, nywele za brashi hukusanya ule utando mweupe na kuwa ngumu baada ya wiki kadhaa; kijiko kimoja cha mezani cha siki kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, kisha suuza. Isimamishe au ining'inize penye hewa. Isikae bafuni wala kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi, hasa kando ya ziwa, maana ukungu huanzia shinani, kwenye gundi, mahali usipopaona hadi nywele zianze kutoka.